Shira Ikibadili Sauti

Novemba 27. Upepo mkali.

Leo nimemsalimia Bibi asubuhi, nikamsalimia tena niliporudi shule. Hakuitikia asubuhi, hakuitikia jioni. Naandika ili nisije nikaambiwa baadaye kwamba sikusalimia.

Huyu si bibi yangu wa damu. Ni mama yake Byongtae, mume wa mama yangu. Mama alikuja Korea kutafuta kazi nikiwa mdogo, akaniacha Yanji, upande wa Uchina, kwa mdogo wake. Kule tuko Wakorea wengi, na shule ilitufundisha kwa Kikorea na kwa Kichina. Kwa hiyo nina lugha mbili, na watu wa huku wanasema zote mbili nazisema kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nililetwa mwezi wa nane. Byongtae namwita Mjomba. Neno "Baba" linafika kooni, linarudi.

Novemba 30.

Hakuitikia.

Desemba 3. Jumapili, mawingu.

Tumekwenda bafu la umma mjini, mimi na Mama. Nilikaa kwenye kigoda, yeye nyuma yangu ananisugua mgongo kwa kitambaa kile cha kukwaruza. Mambo magumu huwa anayasemea hapo, nikiwa nimempa mgongo.

"Kumhwa, Mjomba wako ana wazo."

"Wazo gani?"

"Anasema mama yake hana raha. Tangu uje amekuwa mkimya mezani. Zamani alikuwa anaongea mpaka wali unapoa."

"Kwani mimi nimemkataza?"

"Hakuna aliyesema hivyo, mwanangu. Anasema tungoje Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi upite. Kama bado hamjapatana, basi urudi kwa Mama Mdogo, umalizie shule Yanji."

Nikasema sawa. Nilisema haraka mno. Mkono wake ukasimama mgongoni pangu, kisha ukaendelea kusugua, mahali palepale, mpaka pakawaka moto.

Kweli nataka kurudi. Yanji najua ni duka gani linauza daftari nzuri na ni njia gani haina mbwa. Lakini sikupenda jinsi mkono ule ulivyosimama.

Desemba 8.

Mvua. Ya nini mvua Desemba?

Desemba 12. Mvua tena.

Leo nimejiaibisha darasani, na siwezi kumwambia mtu isipokuwa karatasi. Bibi ameanza kupika shira ya mchele na kimea, ile ya kugandishia kashata za Mwaka Mpya, gangjong. Kidogo ilimwagika ikakauka vipande, Mama akanifungia kwenye karatasi niende nayo shule. Msichana ninayekaa naye, Sebin, alikuwa anatazama. Nikajikaza, nikamsogezea, nikasema kama tunavyosema kwetu: "Kula shira."

Darasa zima likalipuka. Mwenzangu kafungua mdomo hakuufunga. Kumbe huku ukimwambia mtu ale shira umemtukana tusi ambalo hata madereva wa malori hulisema wakiwa wamefunga vioo.

"Mgeni wetu mkali!" mvulana wa nyuma akapiga kelele. "Miezi yote kimya, kumbe anachagua maneno!"

Sebin alicheka mpaka akalia, halafu akala. Sidhani alikasirika. Lakini mimi sikufungua mdomo tena hadi kengele. Sauti yangu huwa ndogo. Leo imekuwa ndogo zaidi.

Desemba 19. Ukungu, unyevu kila mahali.

Mchele hautaki kukauka. Bibi huuchemsha, akausuuza, akautandaza juu ya vitambaa kwenye chumba cha nyuma, sakafu ikiwa na joto chini. Punje zinatakiwa ziwe ngumu kama shanga, ndipo zikitupwa kwenye mafuta ya moto zipasuke na kuwa bisi. Mwaka huu hewa inaleta maji kutoka kila upande. Kazi yangu ni kuupindua mchele kwa viganja ili usishikane. Nimeupindua asubuhi na mchana. Bibi amekaa mlangoni ananitazama. Nimemwambia, "Bibi, upande huu bado." Hakujibu. Akanyanyuka, akaenda kugusa upande huohuo, akatikisa kichwa.

Yaani hata kauli yangu juu ya mchele haiamini mpaka aguse.

Desemba 26.

Kashata za kwanza zimetoka. Laini. Zinanata menoni kama gundi. Mjomba alitafuna moja muda mrefu, akafuta mdomo.

"Mama, mwaka huu si tununue tu za dukani?"

Alisema akimtazama usoni, na Bibi akajibu palepale: "Za dukani wale wa dukani."

Mimi nikajiambia, anayo majibu, kumbe. Ila si ya kunipa mimi.

Januari 3. Theluji usiku, jua mchana.

Shule imefungwa. Nimezungukazunguka nyumbani kama nzi kwenye chupa. Nimefungua sanduku langu, nimepanga nguo, nimezipangua. Mwaka Mpya wa mwezi uko mwezi ujao, na sijui naungoja au nauogopa.

Januari 9. Baridi kavu.

Niandike polepole.

Bibi alikuwa anachemsha shira, mgongo kwangu. Mimi nilikuwa nakausha vyombo. Mfuniko wa sufuria kubwa ukaniponyoka, ukaanguka kwenye sakafu ya saruji, ukazunguka na kulia kama kengele ya moto. Paka aliruka juu ya kabati. Mama akapiga kelele kutoka ukumbini: "Nini hicho?"

Bibi hakugeuka. Hata bega halikutikisika.

Halafu nikafanya jambo baya kidogo. Nikasema kwa sauti ya kawaida: "Bibi, nyuma yako kuna chui."

Anakoroga tu.

"Bibi, nywele zako zinaungua."

Anakoroga.

Nikakaa chini kwenye kigoda. Miezi yote hii. Salamu zangu zote za asubuhi. Nilikuwa namsalimia mtu kwa sauti ya mbu, kutoka pembeni, nikiwa nimeinamisha kichwa kama nilivyofunzwa, naye anachosikia ni midomo, na midomo yangu haonyeshwi.

Kisha nikaona jambo la pili. Alikuwa ameweka kiganja kwenye mpini wa sufuria, anaupapasa kama daktari anayetafuta mapigo. Shira ikichemka kwanza hunong'ona, halafu hutema mate, halafu hubadilika: inapiga midomo, pwa, pwa, kama mtu anayekula uji mzito. Hapo ndipo inaondolewa motoni. Ukiwahi, kashata zinanata. Ukichelewa, zinakuwa mawe. Maisha yake yote aliipata kwa sikio. Sasa anaitafuta kwa kiganja.

Shira ikapiga midomo. Yeye bado ametega mkono. Nikanyanyuka, nikamvuta mkono wa nguo.

Alinitazama usoni. Sijawahi kutazamwa hivyo na yeye. Akazima moto, akamwagia bisi ndani, akageuza kwa mwiko, akapakua kwenye fremu ya mbao, akasukuma, akakata zikiwa bado vuguvugu. Zilipopoa akavunja moja, akanipa nusu. Ikalia menoni mwangu mpaka nikaona aibu.

"Ikoje?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kwa nguvu kwamba ndiyo.

Akafunga mlango wa jiko. "Umejua," akasema. Wasiosikia hawajui kunong'ona, ilibidi nimwonyeshe kwa mkono ashushe sauti. "Byongtae akijua hatanipa moto tena. Atanikalisha mbele ya televisheni kama chungu cha maua. Ukisema, nitakukata ulimi niutie kwenye supu."

Nikaweka kidole mdomoni. Akacheka. Ana meno machache, na yote yalicheka.

Januari 11.

Zimelia. Jirani kaomba nyingine.

Januari 15.

Za ufuta leo. Namvuta mkono wa nguo, anazima. Hatuhitaji neno hata moja. Mahali pekee katika nchi hii ambapo sauti yangu haina kazi.

Januari 22. Barafu kwenye mitungi ya kimchi, kabichi yetu ya chumvi na pilipili.

Mjomba kaniuliza kwenye gari, "Vipi, Bibi anakusemesha siku hizi?" Nikasema kidogo. Kasema, "Mezani sioni." Kweli mezani haongei. Mezani tuko wengi, midomo ni mingi, hajui ashike upi. Ningeweza kumweleza. Nikaangalia nje.

Naona niandike wazi kwa kuwa hakuna anayesoma: sitaki tena kurudi Yanji. Jana Mama alikuwa anafua huku anaimba, nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau kuwa huwa anaimba. Nataka kubaki kwa Mama. Na ili nibaki inatakiwa ionekane kwamba Bibi ananipenda, na ili ionekane inabidi nitoe siri yake.

Februari 1.

Mvua tena. Kila mtu ana hasira.

Februari 6. Theluji nyepesi, kisha jua.

Leo zilikuwa zipikwe kashata za meza ya mababu, ile ya kuwaandalia marehemu chakula siku ya Mwaka Mpya. Baba Mkubwa, kaka yake Mjomba, na mkewe, Mama Mkubwa, wamewasili kutoka Gwangju na maboksi ya matunda. Mama Mkubwa anaongea kama redio iliyosahauliwa. Hata viatu hajavua sawasawa, yuko jikoni.

"Loo, Mama, bado unajitesa na moshi huu? Na huyu binti anafanya nini hapa? Kashata za mababu zinapikwa na wakwe, mwanangu. Hebu toka ukapumzike."

"Namsaidia Bibi ku..."

"Nini? Unaongea na kola yako? Toka, toka, jiko dogo."

Bibi alinitazama. Angeniita ningebaki, ila angelazimika kusema kwa nini. Hakuniita. Nikatoka.

Nilisimama uani kando ya mitungi ya kimchi. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Nikasikia shira ikinong'ona. Nikasikia ikitema. Mama Mkubwa anasimulia habari za harusi ya mtu na jinsi nyama ilivyoisha. Nikasikia pwa, pwa.

"Sasa," nikasema.

Nilisema kwa sauti yangu ileile. Hata paka hakugeuka.

Moshi ulipotoka dirishani ndipo Mama Mkubwa akanyamaza.

Zilitoka nyeusi pembeni, ngumu kama kigae. Mchana tukiwa tumekaa sakafuni, Baba Mkubwa, kwa heshima ya mama yake, akauma moja. Kak! Haikuwa kashata, lilikuwa jino lake la bandia. Akalitoa mdomoni limenasa kwenye ufuta. Tukacheka wote, yeye mwenyewe wa kwanza. Halafu kicheko kikaisha, na Mama Mkubwa akapata nafasi.

"Samahani, mimi husema ya moyoni. Nyumba hii haijatulia. Tangu mtoto huyu aje, Mama hana neno mezani. Mtu ambaye moyo wake haujatulia atapika nini?"

Mama yangu akasema, "Mama Mkubwa, tafadhali."

"Yonghui, mdogo wangu, simlaumu mtoto. Nasema ninachoona."

Mjomba alikuwa anamenya kwa kisu njugu kubwa za miti za meza ya mababu, kichwa ameinamisha. Hakukiinua. Akasema kwa upole, kwa sababu si mtu mkali: "Nilitaka tungoje sikukuu ipite. Lakini basi, maneno yameshatoka. Mama, ni kubakiza au ni kuondoa?"

Hapa nieleze. Mwalimu wetu wa Kichina kule Yanji alizoea kututania: sentensi zenu ninyi Wakorea hazina wenyewe. Ni kweli. Tunasema "kubakiza", tunasema "kuondoa", na hakuna herufi inayoonyesha kama ni mtu au ni sahani. Anayesikia anajua. Lazima awe amesikia.

Bibi aliona wote wamemgeukia. Aliona mbele yake fremu ya kashata zilizoungua na jino la mwanawe juu ya kitambaa. Labda alidaka "kuondoa" peke yake. Akaisukuma ile fremu.

"Kuondoa! Kubakiza kwa ajili gani? Kuondoa leo leo, nisione aibu mbele ya marehemu mzee wenu."

Akaichukua, akatoka nayo kuwapelekea kuku.

Mama aliweka bakuli chini taratibu sana, kama linaweza kulia. Mama Mkubwa mwenyewe alishtuka, akaanza kukusanya maganda yasiyo yake. Mjomba akasema, "Sikutegemea aseme hivyo."

Mimi nilijua. Katika chumba kile chote mimi peke yangu nilijua. Neno moja tu, "hasikii", na ningebaki, na yeye angekalishwa mbele ya televisheni. Nikanyamaza. Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa ajili yake. Lakini huenda ni kwa sababu kunyamaza ndicho kitu ninachokiweza.

Februari 7.

Mjomba kanunua tiketi ya kesho, ili nisipitie sikukuu nikitazamwa. Mama anakunja nguo zangu, anazikunjua, anazikunja. Bibi ametandaza bisi mpya na amenipungia mkono niingie jikoni. Mama kaniambia, "Usiende. Usijidhalilishe, mwanangu." Baadaye Bibi alipita ukumbini, akaliona sanduku. Akalitazama, akanitazama.

"Kumbe na wewe," akasema. Akaenda zake.

Februari 8. Jua kali juu ya theluji, macho yanauma.

Asubuhi Mjomba alikuwa anapasha injini uani. Nilikwenda mlangoni kwa Bibi kuinama na kuaga, kama inavyotakiwa. Alikuwa ameshika mwiko. Hakunitazama.

"Nenda. Moshi umekuchosha, sikulaumu. Vijana wote huchoka."

"Wewe ndiye uliyesema," nikasema.

Hakusikia. Alikuwa anatazama mwiko.

"Wewe ndiye uliyesema, Bibi."

Hakusikia. Na hapo kitu fulani ndani yangu, sijui kilikaa wapi miaka yote hiyo, kikatoka.

"BIBI! WEWE NDIYE ULIYESEMA NIONDOKE!"

Mbwa wa jirani akaanza. Theluji ikadondoka kutoka kwenye paa, ingawa labda ilikuwa inadondoka tu.

"Nani?" Bibi akainua macho, akatazama midomo yangu.

"WEWE! JUZI! MBELE YA WATU WOTE! KUONDOA LEO LEO!"

"Nilisema kashata!"

"MJOMBA ALIULIZA KUHUSU MIMI!"

"Hakuuliza wewe, aliuliza kashata! Angeuliza wewe si ningem..." Akasimama hapo.

Wote walikuwa barazani. Mama na soksi yangu mkononi. Mama Mkubwa. Baba Mkubwa bila jino. Injini ikazimwa. Mjomba akatembea mpaka nyuma ya mama yake, karibu kabisa, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mama."

Bibi ananitazama mimi.

"Mama."

Ananitazama mimi.

Mjomba akakaa kwenye ngazi ya baraza, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Tangu lini?" akamuuliza mama yangu. Mama hakujua. Akaniuliza mimi kwa macho. Mimi nilikuwa namtazama Bibi, maana uso wake ulikuwa umejifunga.

"Umefurahi?" akaniambia. "Sasa kijiji kizima kinajua."

Akaingia ndani.

Februari 9.

Tiketi imesogezwa hadi baada ya sikukuu. Mjomba kasema hatamlazimisha mama yake kwa lolote, safari hii atangoja asikie kutoka mdomoni mwake.

Bibi amepika kashata. Mjomba amesimama karibu na moto muda wote kama askari. Mimi nilikuwa pembeni ya sufuria. Sikumvuta mkono wa nguo, alikuwa ameukunja. Nikasema "Tayari" kwa nguvu, akadaka midomo kwa pembe ya jicho, akazima bila kugeuka. Zimetoka vizuri. Hakunipa nusu.

Februari 10. Mwaka Mpya.

Tumeinama mbele ya meza ya mababu, kisha mbele ya wazee. Baada ya supu, Mjomba akaenda akachuchumaa mbele ya Bibi, uso kwa uso, akatamka kila kitu kama anayesoma tangazo: "Mama. Mtoto huyu. Kumhwa. Wewe unataka abaki hapa nyumbani?"

Alisikia. Niliona macho yake yakifuata midomo hadi neno la mwisho. Akachukua kaki lake, tunda la rangi ya chungwa, akala. Hakujibu.

Februari 12.

Baba Mkubwa na Mama Mkubwa wameondoka. Mama Mkubwa amenishika mkono getini, akasema, "Una sauti, kumbe," akaniachia machungwa. Nimemsalimia Bibi, mbele yake, wazi, midomo yote. Kanitazama, kageuza kichwa ukutani.

Zamani nilidhani najua kununiwa. Sikujua. Kule kwa zamani kulikuwa kama kugonga nyumba isiyo na mtu. Sasa mwenyewe yumo, anakuona dirishani, na hafungui.

Februari 13.

Ndege ni Ijumaa. Hajasema. Mama haimbi.

Februari 14. Mvua ndogo ya vuguvugu.

Nilikuwa chumbani, nimekaa juu ya sanduku ili lifunge. Mlango ukavutwa bila kubishwa hodi. Bibi. Akakaa kizingitini, magoti yakalalamika. Akaanza kwa sauti yake ile ya watu wasiosikia, ambayo nina hakika Mjomba aliisikia ghalani.

"Nilikuambia usiseme."

"Uliniambia, Bibi." Nilifungua mdomo vizuri.

"Ukasema. Tena kwa kelele. Tena uani. Leo asubuhi Byongtae kanipimisha masikio mjini, daktari mwenyewe mtoto mdogo, ananiita bibi bibi, ananitia vidude. Nimekukasirikia."

"Najua."

"Hujui. Mimi nikikasirika si kama mama yako, siku moja analia amemaliza. Mimi nilimnunia marehemu mzee msimu mzima kwa sababu ya ng'ombe." Akaangalia sanduku, akalipiga teke dogo la pembeni, la kujaribu uzito. "Wewe nitakununia mpaka shayiri ivunwe. Usidhani nitachoka mapema."

Akajiinua kwa kushika fremu ya mlango, akaenda. Kule ukumbini nikamsikia akimwambia Mama, kwa sauti ya kuamsha kijiji, kwamba mtoto amekaa juu ya nguo zake, zitakunjamana.

Nimetoka nikaenda hadi ukingo wa shamba, bila mwavuli. Shayiri huvunwa mwezi wa sita; sasa ndiyo kwanza imechomoza. Haijanifika hata kifundo cha mguu.